Kijiko cha Mzee Hezekia

Uji wa ulezi ulitoka tena kwenye kona ya mdomo iliyopooza, na Damari akaufuta kwa pindo la kanga. Akakigeuza kichwa cha Mzee Hezekia kuelekea upande ambao kiharusi hakikuugusa, akasubiri koo lisogee, ndipo akachota kijiko kingine.

"Mimi mkewe ananibania meno," alisema Severina kutoka mlangoni. "Ulimi wenyewe ulikuwa mwepesi vikaoni tu."

Damari hakucheka. Ulimi huohuo, wa mzee wa kanisa, ndio uliotangaza jina lake kanisani Iguguno, alipoolewa na Urbano kuwa mke wa pili: ametengwa na Meza ya Bwana. Urbano alikwisha kufa. Adhabu ikabaki hai. Ili arudishwe kundini alitakiwa kusimama mbele ya washarika na kutubu, naye hakusimama. Hapa alikuja kwa kuwa mgongo wa Severina, jirani yake, haukuweza tena kumwinua mtu mzima. Kama hiyo ndiyo huruma, haikuwa imempa amani yoyote.

Mchana Mchungaji Philipo alifika na sanduku dogo la ushirika. Mgonjwa alikuwa ameomba, kwa macho na kwa mkono mmoja, apokee kabla ya kufa. Damari akatoka, akasimama ukutani nje.

Maneno yalisemwa. Kikombe kilipofika mdomoni, meno yakabana. Divai ikatiririka kidevuni hadi kwenye shati jeupe. Mchungaji akajaribu tena. Mzee akaanza kulia bila sauti.

"Damari," Severina aliita. "Rudi, mwanangu."

"Mama, mimi nimetengwa. Muulize mumeo aliyenitangaza."

Mchungaji aliifuta divai kidevuni mwa mgonjwa.

"Njoo na kijiko," alisema.

Damari akakiosha kile cha uji. Akakigeuza kichwa, akasubiri. Divai ikashuka, koo likasogea. Nusu ilibaki. Alipoirudisha mdomoni, Mzee Hezekia alifumba midomo. Mkono wake mzima ukapanda polepole, ukamshika kifundo cha mkono, ukaanza kukisukuma kijiko kuelekea mdomo wake yeye Damari.

"Malizia, baba," Damari alinong'ona.

Mkono haukulegea. Mchungaji aliinua mkono kuzuia, kisha akaushusha. Nje mbuzi waligombania mashudu ya alizeti. Kijiko kilisimama katikati yao, nusu ya divai ikiwa bado ndani yake.