Jina Simpi

Alhamisi baada ya alasiri, Saliha alikuwa anachambua mboga ya lengalenga barazani kwao mtaani Buyenzi, ndipo msichana mmoja akatoka kwenye simu yake na kukaa naye mkekani. Alikuwa Saliha yule wa kwenye picha zake: mweupe, pua nyembamba, shavu halina hata kovu la tetekuwanga. Mama Saliha alimuuliza swali moja tu.

"We unakunywa chai na sukari?"

Mwaka mzima Saliha alikuwa akipitisha kidole kwenye video za warembo wa mbali. Kila alipojipiga picha alipunguza pua, akaongeza weupe, mpaka kioo cha chumbani akakigeuzia ukutani. Picha hizo ndizo zilizofika Kiriri, mtaa wa wenye pesa, kwa Bi Mahfudha, aliyekuwa anamtafutia mwanawe Ilyas mke.

Jumamosi Bi Mahfudha akaja kuposa. Akawatazama wote wawili, akamshika mkono yule mweupe.

"Ni huyu tuliyemuona."

Mama akakubali palepale, haya basi! Ila mchumba hakuwa na jina.

"Mupatie jina yako," mama akamnong'oneza Saliha. "Ni jina tu, mwanangu."

Hasira zikampanda Saliha mpaka masikioni.

"Apana, mama. Pua yangu mulikataa, ngozi yangu mulikataa. Jina bibi ndiye alinipatia. Simpi, wallahi!"

Ndoa ikafungwa hivyohivyo. Shehe alipouliza jina la bibi harusi, aliambiwa aandike "Madamu", naye akaandika. Umeme ukikatika, Madamu hufifia, hubaki hereni zikining'inia hewani. Ilyas amenunua jenereta; petroli ikikosekana, anasubiri. Kwao hakuna anayelalamika, maana mweupe ni mweupe.

Saliha alifuta picha zote, akaweka moja, na pua yake yote na kovu lake. Watu wanne waliipenda, mmoja wao yeye mwenyewe. Kioo akakigeuza tena.

Wiki iliyopita Bi Mahfudha alirudi. Mwanawe wa pili, Moosa, naye anataka kuoa. Saliha akatoka, akasimama mbele yake juani.

"Huna picha ingine, binti yangu?"

"Niko na hii," Saliha alisema, akigusa shavu lake.

Bi Mahfudha akaaga kwa adabu, akaenda kubisha kwa jirani, kwa Nura, ambaye siku hizi haachi simu na kujiongeza weupe. Saliha akapanda juu ya kiti, akaita juu ya ukuta, mtaa mzima usikie:

"Nura! Jina usimupe!"