Suruali ya Dubu wa Dirishani

Tukumeq alikuwa akiosha vyombo alipomwona dubu mweupe dirishani, akijikokota kwenye kokoto za pwani. Oktoba ilikuwa inakwisha na bahari, ambayo kwa kawaida ingekuwa imeganda barafu, bado maji matupu. Kwao, kaskazini ya mbali, anayemwona dubu kwanza ndiye mwenye ngozi, hata kama hajui bunduki inashikwaje. Alitoka mbio na mikono yake ya povu, akapaza sauti kijiji kizima kisikie.

“Huyu wangu! Nimemwona mimi!”

Alikuwa na sababu. Mwanawe, Masaitsiaq, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha samaki huko kusini, na angeondoka na helikopta ya Desemba. Tukumeq alijipa moyo kwamba akimvisha suruali ya ngozi ya dubu, vazi la wawindaji kama la marehemu mumewe, kijana angeona haya kuwaacha mbwa wake wa kuvuta sleji na kwenda kupanga samaki kwenye maboksi.

Masaitsiaq alimpiga dubu risasi moja. Dubu hakukimbia, hakuwa na nguvu hizo. Walipomchuna hawakukuta mafuta, na manyoya yalibaki mikononi mwao. Jirani yao Ilannguaq, mzee asiyejua kufunga mdomo, akauliza kama Tukumeq anashona suruali au soksi. Watu walicheka, kisha wakaitazama tena ngozi, maana zamani dubu mmoja alitoa suruali tatu.

Tukumeq hakumjali. Aliikwangua ngozi, akaikausha, akaunga viraka hadi vidole vikavimba. Ikapatikana suruali moja, ya kubana. Mwanawe aliivaa bila ubishi, akasimama katikati ya chumba akisikiliza. Wakati ambao bahari ingekuwa kimya chini ya barafu, mawimbi yalikuwa yakipiga pwani.

“Imenikaa vizuri, mama,” alisema. “Lakini dubu mwenyewe njaa imemtoa huko baharini, hakuna barafu ya kuwindia. Mimi niivae ngozi yake niende wapi?”

Swali hilo lilimuuma Tukumeq kuliko safari yenyewe.

Helikopta ilipoondoka aliikuta suruali kitandani, imekunjwa. Bado ameishika, Ilannguaq akabisha hodi, bunduki begani. Mara hii hakuwa na utani. Masaitsiaq alikuwa amemwomba asiwaache mbwa wafe njaa.

“Nianze kumpiga yupi?” aliuliza kwa upole.

“Ngoja wale kwanza,” alisema Tukumeq, akaenda kuwakatia nyama ya dubu iliyobaki.