Mkeka Uliopinda kwa Jicho Moja

Hawe Jumwa alipoufumua ule mkeka kwa mara ya pili, Husna alishindwa kuyazuia machozi.

"Hawe, harusi ya mwanangu ni Ijumaa hii. Wewe wasuka kili za ukindu, mimi naziunga ziwe mkeka. Miaka yote hii ulishaniona nikishona ovyo?"

"Basi leo nimekuona. Mshono wako unakwenda kama nyoka mwenye homa."

Kache aliyasikia hayo akiwa jikoni, akitwanga majani ya mtsunga ili yalainike kabla ya kuyatia tui la nazi. Hawe, yaani bibi yake, alikuwa ameyaacha majani hayo machungu tangu meno yalipomtoka. Kache ndiye aliyemrudisha kwenye mboga. Chuoni, kwenye masomo ya lishe, alifundishwa kwamba majani ya kijani yana chembe za njano ziitwazo luteini, na kwamba mwili huzipeleka hadi katikati ya jicho, zikakaa huko kama pazia la kukinga jua kali. Alikuwa amemweleza bibi kwa furaha, maana kwake ilikuwa kama kumrudishia sahani ambayo bibi mwenyewe alimlisha utotoni.

Lakini maneno yale yaligeuka mlango uliofungwa. Kila alipotaja kliniki ya macho ya Msambweni, bibi alijibu, "Dawa yangu nimeshaila na sima. Kliniki ya nini tena?"

Na Kache, ambaye hata darasani alikuwa akiinua mkono kisha akajifanya anajikuna sikio, alinyamaza. Alinyamaza alipoona chai ikimwagwa kando ya kikombe. Alinyamaza bibi alipoanza kumtazama mtu kwa kugeuza uso kidogo.

Sasa alichungulia uani. Bibi alikuwa ameunyanyua ukingo wa mkeka kuelekea mwangani, jicho la kushoto amelifumba, la kulia analipitisha juu ya mshono kama seremala apimaye ubao. Ndivyo alivyopima mikeka yake yote.

Kache alitoka, mikono imejaa majani.

"Hawe, samahani. Hebu fumba hilo la kulia. Tazama kwa la kushoto."

"Ala! Mke mwenzangu, waniamrisha katika nyumba ya mume wangu?" bibi alimtania mjukuu wake.

"Nakuomba."

Husna alicheka huku akijifuta machozi. Hawe Jumwa akafumba jicho, akatazama. Akabadilisha. Akabadilisha tena. Kisha akauweka mkeka mapajani na kuupapasa mshono polepole kwa kidole gumba, tangu mwanzo hadi pale alipoufumua.

"Husna," alisema, "umenyooka."

"Ndiyo, Hawe."

"Nimekutukana bure, mwanangu. Niwie radhi."

Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na ile mboga?"

"Mboga haiwezi kunyoosha kilichokwisha kupinda, Hawe. Pengine inalikinga jicho. Wataalamu bado wanachunguza inasaidia kiasi gani. Nilikwambia nusu ya neno, nikaogopa nusu nyingine. Jicho lazima lionwe na daktari."

"Nikiambiwa nitakuwa kipofu?"

"Tutaambiwa sote wawili."

Kesho yake walikwenda kliniki ya Msambweni. Daktari alikuwa Kalekye, msichana wa Ukambani mwenye sauti ya uchangamfu.

"Shosho, inua kidevu hapa," alisema, kama mabibi waitwavyo bara.

"Shosho ni nani? Mimi ni Jumwa wa Tsofa."

"Haya, Mama Jumwa wa Tsofa, kidevu."

Alichunguza kwa muda mrefu. Katikati ya jicho la kulia pamechakaa kwa umri, alisema, na hapatarudi kama zamani. La kushoto lina madoa machache, lakini bado linaona vizuri. Angempa vidonge vyenye luteini hiyohiyo ya majani, kwa kipimo, pamoja na madini. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza mwendo wa ugonjwa. Mboga aendelee nazo. Na kila wiki atazame mistari iliyonyooka, jicho moja moja. Ikianza kupinda upya, aje mbio.

"Mmekuja mapema," alisema Kalekye, akimpa karatasi yenye miraba.

"Mpe mwingine, mwanangu. Mistari ninayo nyumbani."

Alhamisi Husna aliuleta mkeka, ameushona upya. Hawe Jumwa aliunyanyua mwangani. Kwa mazoea akafumba la kushoto, akasita, akafumba la kulia. Husna alisubiri, mkono kiunoni.

"Mpelekee bibi harusi," alisema bibi. "Mwambie Jumwa ameuona kwa jicho lake zima."

Chakula kilipoiva, Kache alimsogezea sahani ya mtsunga. Bibi alimega tonge, akalichovya katika mboga, lakini hakulipeleka kinywani mwake. Alilinyoosha kuelekea kwa Kache.

"Kula wewe kwanza. Jicho hili moja nimebakishiwa na Mungu. Na aliyefumbua kinywa ni wewe."

Kache alisogea karibu na bibi. Alifungua kinywa, akalishwa kama zamani, na mboga ilikuwa chungu vilevile.