Kopo Kando ya Chemchemi

Muuguzi alitoka zamu ya usiku miguu imemvimba, macho yanamwasha kama yametiwa mchanga. Alichotaka ni kitanda tu. Lakini mlangoni alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ameshavaa viatu vya matope na amekunja uso.

"Bwana misitu amekupigia tena?" wifi aliuliza.

"Amepiga. Anataka tukalitoe leo, la sivyo atalitoa mwenyewe."

"Kopo la kaka yangu halitolewi na mtu."

Muuguzi alikunywa maji akiwa amesimama, akabadilisha viatu, akatoka. Uchovu ni mgeni asiyeaga. Ukimngoja aondoke hufanyi lolote.

Mumewe, ambaye rafiki zake walimwita Dira, alipenda mchezo mmoja tu. Mtu huficha kopo mahali, akatangaza mtandaoni vipimo vya ramani vya mahali hapo, na wengine wakaja na simu zao kulitafuta. Anayelipata huandika jina lake ndani, akalirudisha. Kopo lake la mwisho Dira alilificha msituni, kwenye ukingo wa chemchemi, muda mfupi kabla moyo wake haujasimama. Habari za msiba zilipoenea, watu walizidi kuja kulitafuta kwa heshima yake.

Bwana misitu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliwapokea langoni.

"Pole na kazi, mama. Sina ugomvi na marehemu. Nataka tu mkaone."

Wakaona. Njia iliyokuwa ya kupita mtu mmoja ilikuwa imetanuka kama mapito ya ng'ombe, na kutoka kwenye hiyo zilichipuka nyingine, za wenye haraka. Mimea ya kivulini ilikuwa imelala chini, imekanyagwa hadi ikawa kama jamvi. Kwenye chemchemi hali ilikuwa mbaya zaidi. Walioshindwa kuliona kopo walikuwa wamegeuza mawe na kuchokonoa ukingo kwa vijiti, mpaka udongo ukaporomokea majini. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa.

"Watu hawana adabu," wifi alisema. "Kaka yangu alilificha vizuri."

"Alilificha vizuri mno. Ndiyo maana wanachimba." Muuguzi alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya mizizi. "Na shimo la kwanza alichimba yeye."

"Mumeo umemzika juzi, leo unamsema?"

"Nilikuwa namsema akiwa hai, wifi. Nikinyamaza sasa atashangaa."

Bwana misitu aligeukia pembeni, akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

Muuguzi alilivuta kopo, akalifungua. Mtu alikuwa ameacha pipi ndani, zikayeyuka, na sisimizi wamejaa tele. Kabla hajalifuta, wifi alimpokonya, akaketi juu ya jiwe, akalipakata kama mtoto mwenye homa. Mabega yakaanza kumtikisika.

Muuguzi alisimama akimtazama. Alikuwa na hasira, lakini hakufahamu vizuri anamkasirikia nani. Dira alikuwa na tabia ya kuanzisha jambo kwa furaha, kisha kumwachia yeye kulimalizia. Bomba la jikoni mpaka leo linavuja. Sasa na hili. Alisogea, akaketi karibu na wifi.

"Nikija kwenu, hayupo," wifi alisema. "Makaburini nakaa, sisikii kitu. Lakini watu wakitoka hapa wanamtaja. Nasoma kila neno wanaloandika mtandaoni."

Muuguzi hakuwa amejua hilo. Alimshika mkono.

"Basi atajwe, wifi. Ila atajwe pengine. Huku tunamharibia jina."

Wifi alifuta uso kwa upande wa kanga. Kisha akamwuliza bwana misitu kama kuna mahali anapopakubali. Palikuwepo: benchi la mapumziko karibu na lango, penye sakafu ya mawe, ambapo watu hupita hata hivyo. Sharti lake lilikuwa kopo lisipigwe msumari, lisichimbiwe, na chakula kisiwekwe ndani.

Walilirudishia shimo udongo wake. Waliburuta matawi makavu, wakaziba zile njia za mkato, muuguzi akipumzika kila baada ya tawi. Bwana misitu alisema mvua zikija pengine ukingo utashika, pengine hautashika, yeye haahidi. Kisha wifi akalifunga kopo kwa waya chini ya benchi, na muuguzi akabadilisha vipimo mtandaoni. Akaongeza maneno: "Kopo limehama. Usiiache njia. Usichimbe. Ukilikosa, rudi nyumbani, si dhambi."

Alilala mchana kutwa kama gogo. Jioni simu ilimwamsha.

"Kuna mtu ameshalipata," wifi alisema, sauti imejaa kinyongo. "Anasema ni rahisi mno, hata bibi yake angeliona. Nimjibu nini?"

"Mwambie amlete huyo bibi."

Wifi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kidogo namna ya kucheka. Muuguzi aliweka simu chini. Aliwaza kama Dira angekasirika. Angekasirika, ndiyo, angenuna wiki nzima, halafu angekwenda kuburuta matawi mengi kuliko wote. Akageukia ukutani. Zamu ilikuwa inamngoja, lakini bado palikuwa na nafasi ya usingizi kidogo, akauchukua.