Kaa na Matundu Yanayohama

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, mwendeshaji aliketi kwenye kibanda cha mabati kilichoelea juu ya maji, akawasha skrini na kumshusha Kaa kizimbani. Kaa ni jina ambalo wafanyakazi walimpa roboti wao, boksi la njano lenye kamera mbele na mikono miwili ya chuma. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyavu za vizimba vya samaki, kutafuta palipochanika na kupashona. Siku hiyo alishona tundu la ukubwa wa kiganja, na samaki wakaendelea kuzunguka kama kawaida yao.

Mwendeshaji aliporudi nyumbani alikuta pazia la sebuleni lina tundu la ukubwa wa kiganja.

"Panya," alisema mumewe, fundi redio aliyefanyia kazi zake pale pale kwenye meza ya kulia.

"Panya gani anatafuna duara?" akauliza mama mkwe.

Kesho yake Kaa alishona chini ya kizimba, na jioni pipa la maji likawa linavuja. Akashona kona, sufuria ikatoboka. Akashona karibu na boya, ukuta wa chumba cha mama mkwe ukapata dirisha ambalo hakuna aliyeliomba. Mama mkwe alilifurahia kidogo, mpaka jirani alipoanza kumsalimia akiwa anavaa.

"Mkwe wangu," akasema, "huko kazini kwenu hamzibi. Mnahamisha."

Mwendeshaji akaenda kwa meneja. Akamweleza kwamba nyavu zimeoza, zinashikana kwa mazoea tu, na zikibadilishwa yote yatakwisha.

"Kuna samaki aliyetoka?" akauliza meneja.

"Hakuna."

"Sasa shida iko wapi?"

"Matundu yanakuja kwangu, bosi."

Meneja akaitikia kwa kichwa. "Hata wapiga mbizi waliokuwa wakishona zamani walilalamika hivyo hivyo. Mmoja alibakiwa na fremu ya mlango tu. Ndiyo maana tukanunua mashine."

"Lakini mashine haina nyumba ya kupelekewa matundu."

"Hilo kweli hatukulifikiria. Yanamfuata anayeiendesha." Akasogeza viti vikae sawa. "Nyavu mpya ni mwakani."

"Hata mwaka jana mlisema mwakani."

"Na msimamo wetu haujabadilika."

Mwendeshaji alitoka amefura, akaubamiza mlango, mlango ukajifunga polepole kwa sababu ulikuwa na springi.

Siku chache baadaye gogo lililoletwa na mkondo liligonga kizimba kikubwa. Kwenye skrini lilionekana tundu pana kama sahani, na samaki walikuwa wameshaanza kulichungulia. Mwendeshaji akaweka rimoti ya Kaa chini, akakunja mikono.

"Leo simshushi."

Meneja, aliyesimama mlangoni, hakugomba. "Sawa. Nitamwita mlishaji. Ana kichanga nyumbani, lakini kazi ni kazi."

Nje, mlishaji alikuwa akiwarushia samaki chakula huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa ametoka hospitali juzi tu. Mwendeshaji alimtazama, akatukana kimoyomoyo, akaichukua rimoti. Alishona taratibu, akikaza kila fundo kwa hasira, kana kwamba akikaza sana tundu litabaki huko huko.

Nyumbani alikagua kila kitu. Paa zima. Godoro zima. Chumba cha mama mkwe kilikuwa vile vile alivyokiacha. Akashusha pumzi. Ndipo mumewe alipomwita mezani, akafungua vifungo vya shati. Tumboni palikuwa na tundu la duara, pana kama sahani, na kupitia hapo aliuona mgongo wa kiti.

"Linauma?"

"Haliumi. Upepo tu."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akaenda kumletea sweta.

"Siendi tena," mwendeshaji akasema. "Wallahi siendi."

"Ukiacha, si atashika mlishaji?" mumewe akauliza.

Mwendeshaji akachukua sahani. Akapakua chakula. Mumewe aligundua kwamba akiinama kidogo upande wa kushoto, maji ya kunywa yanapita pembeni bila kumwagika.

Simu ya mwendeshaji ikaita. Alikuwa meneja, anashukuru: hakuna hata samaki mmoja aliyetoka. Ila kizimba cha pili nacho kinaonekana kimechanika, kwa hiyo kesho awahi.

"Nitawahi," akasema.

Akahamisha kiti chake, akakaa upande ule upepo ulikotokea, wakaendelea kula.