Mfuniko wa Magharibi

Kwanza ulikuja mfuniko. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, nje ya mlango wa chumba. Halafu ukaja moshi wa ubani, ukapenya chini ya mlango. Halafu sauti.

"Ghaliya! Ebo! Magharibi hii umelala usingizi wa pono? Wanapita saa hizi, na wewe umewatandikia mwili!"

Wanaopita ni mashetani, kama hujui. Kwa Bi Mize, mama mkwe wa Ghaliya, aliyezaliwa Tanga akalelewa Tanga, mtu halali magharibi. Madirisha hufungwa, watoto huingizwa ndani, aliyelala huamshwa hata kama ana homa, na chetezo huzungushwa pembe zote za nyumba. Anayelala saa hiyo huamka na wazimu, au haamki kabisa. Bi Mize anao wote waliopatwa, kwa jina na kwa mtaa, na ukimpa nafasi atakusimulia mmoja mmoja.

Ghaliya alijifunika mto usoni. Mto ulinuka kuku. Mikono yake ilinuka kuku, nywele zilinuka kuku, na sasa kuku huyo alikuwa anafukizwa ubani. Nyumba yenyewe ya kupanga pale Villawood, huku ughaibuni, haikuwa na pumzi, maana Bi Mize alikuwa anafunga madirisha tangu saa kumi, na ukungu mweusi ulishapanda ukutani nyuma ya kabati kama ndevu. Kengele ya moshi ya darini waliifunga mfuko wa plastiki ili isipige kelele. Khaa!

Wakati wa joto hapakuwa na ugomvi. Jua lilikuwa linazama saa mbili usiku, na saa hiyo Ghaliya ameshalala kashiba, ameshaoga, yuko kazini. Lakini ilipofika Aprili saa zikarudishwa nyuma, ndiyo sheria ya huku, na jua likaanza kuanguka mapema, kila wiki mapema zaidi. Sasa ni mwisho wa Mei, na magharibi inaingia saa kumi na moja kasoro dakika sita, katikati kabisa ya usingizi wake.

Na usingizi wenyewe ulikuwa huo huo mmoja. Kazi yake ilikuwa kiwanda cha kuku kule Smithfield, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Akirudi anapata lepe moja tu, mumewe Ridhwan anatoka na gari la mizigo, na Raya, binti yao wa miezi kumi na minne, ameshasimama kitandani anadai uji. Mpaka saa saba mchana ni yeye na mtoto. Kisha Bi Mize anapokea, kwa kuwa goti lake haliwezi zaidi ya nusu siku, na Ghaliya analala mpaka saa kumi na mbili jioni. Anatakiwa kulala, niseme. Akishaamshwa kwa mfuniko, usingizi haurudi ng'o.

Alishamlalamikia Ridhwan. "Mama ni mtu mzima," akajibu Ridhwan. "Alikuja kukulea uzazi siku arobaini, Korona ikamfungia mwaka mzima na zaidi. Tiketi yake imefutwa mara tatu. Mvumilie." Kisha akageukia ukuta akakoroma, yeye na saa zake nane. Ghaliya alimtazama mgongo kwa karaha mpaka akaona haya.

Wiki iliyopita alisinzia wima mbele ya mkanda unaopitisha kuku. Hakuanguka. Aliegemea tu, na beseni la matumbo likampindukia, yakamwingia ndani ya buti, ya vuguvugu, yanateleza katikati ya vidole vya miguu. Wenzake walicheka chini ya barakoa. Rufus, msimamizi wa zamu, Mkongomani mtaratibu, alimpeleka pembeni akampa barua ya pili ya onyo.

"Mama Raya," akasema, "ya kwanza nilikuonea huruma, hii nimeiandika mwenyewe kwa lugha laini. Ya tatu haitakuwa yangu. Ya tatu bureau ya wakubwa ndiyo inatoa, na siku hiyo hiyo unavua aproni. Ulale, mama. Mimi nakuomba, ulale."

Ulale! Kama vile analewa. Na mshahara wa Ridhwan peke yake haukutosha kodi ya nyumba ile, hata ukiunyoosha vipi.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu adhuhuri na mchana ukawa kama jioni. Saa saba Bi Mize aliingia msalani kutia udhu, akaacha simu yake juu ya kabati la vyombo, ndani ya soksi anamoiweka isipate mafuta. Simu hiyo ndiyo muadhini wa nyumba. Adhana ikilia, mfuniko unafuata.

Ghaliya aliitoa kwenye soksi akainyamazisha adhana ya magharibi peke yake. Mtoto wa chuo huyo, aliyehitimu Kurani akiwa na miaka tisa, ameinyamazisha adhana kwa kidole gumba kinachonuka utumbo. Alijichukia wallahi. Lakini aliirudisha simu ndani ya soksi, akaenda kulala.

Akalala, tena si mchezo. Usingizi ulimzamisha, hakuota ndoto wala hakugeuka ubavu.

Kilichomwamsha ni mfuniko.

Ngwa. Kimya. Ngwa. Kimya kirefu. Ngwa.

Alitazama saa: kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa amelala karibu saa tano na nusu bila kukatizwa, na mwili ulikuwa mwepesi, na macho hayakuwaka moto. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alijisikia mtu. Na bado kizee kile kinagonga! Anagonga taratibu leo, ndiyo dharau yenyewe! "Leo ananikoma," akasema kwa sauti. "Leo nitamwambia yote, na akasirike mpaka Tanga wasikie."

Alifungua mlango kwa nguvu. Nje hakukuwa na harufu ya ubani. Kulikuwa na giza totoro, na ndani ya giza hilo kulikuwa na uvundo uliompiga usoni. Akawasha taa.

Bi Mize alikuwa amejilaza ubavu juu ya mkeka wa kuswalia, mdomo wazi, udenda unamchuruzika, anakoroma. Karibu na kichwa chake alikaa Raya. Nepi ilikuwa imemvuka, na kilichokuwamo kilikuwa mapajani, viganjani, kwenye nywele, kwenye kanga ya bibi yake na kwenye mfuniko. Ptuu! Ghaliya alijiziba pua. Mtoto alishika mwiko kwa mikono miwili. Aligonga mara moja, akamwinamia bibi yake usoni kutazama kama amefumbua macho, akangoja, akagonga tena. Hakuwa anacheza. Alikuwa hata halii.

"Mama!" Ghaliya akapiga kelele. "Mama, una nini?"

Bi Mize alizinduka, akapapasa mkeka, akakaa. Hakumtazama mkwewe wala mjukuu. Alitazama kabati.

"Adhana," akasema. "Adhana haijalia?"

"Saa kumi na mbili imeshapita, mama."

"Haiwezekani. Huwa inaniamsha."

Maneno yalishamtoka. Aliiona nepi, akaona mkono wa mtoto, akajifuta udenda kwa ncha ya kanga, na kanga yenyewe ilikuwa chafu, akazidi kujipaka. Mama huyu ambaye hakupata kuonekana hata na kucha chafu. Ghaliya aligeuza uso pembeni.

"Usimwambie Ridhwan," akasema Bi Mize polepole. "Mwanangu, nakuomba. Nimelea wajukuu tisa, hakuna hata mmoja aliyeungua kidole. Lakini tangu jua la huku lianze kufa mapema, nikishaswali alasiri tu mwili unaniisha. Najikaza, najimwagia maji, sioni nilivyolala. Juzi niliamka nikamkuta huyu anatafuna betri ya rimoti. Nikamtoa mdomoni kwa kidole."

Ghaliya alimnyakua mtoto, uchafu na yote, akambana kifuani.

"Kwa hiyo unaponigongea..."

"Niko macho kwa sababu ya ile adhana, na sijui nitalala tena saa ngapi. Nikasema giza likiingia, bora mmoja wetu awe macho. Nikwambie nini? Kwamba sifai? Mtanitafutia ndege kesho. Mashetani nimewasingizia. Wapo, lakini hao nawaweza kwa ubani." Alivuta pumzi. "Leo hata makaa sikuwahi kuwasha. Alhamdulillahi sikuwasha. Hii simu yenu imenifanya nini leo? Umwambie Ridhwan aiangalie."

Hapo ndipo Ghaliya alipaswa kusema. Alimpeleka Raya bafuni, akamsugua, akasugua na mfuniko, na kila akimwaga maji alikuwa anahesabu tangu magharibi: saa moja na nusu. Saa moja na nusu mtoto amekaa gizani kwenye kinyesi chake, anamwamsha mtu asiyeamka, na mama yake ng'ambo ya ukuta anaona raha. Aliinama juu ya sinki akatapika.

Alipotoka, Bi Mize alikuwa anakunja mkeka. Alionekana mdogo. Ghaliya alikwenda kwenye kabati, akaitoa simu ndani ya soksi, akampa mgongo mkwewe. Akairudisha sauti ya adhana, akaipandisha mpaka mwisho.

"Ilikuwa imejizima," akasema. "Sasa iko sawa."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Baraka hiyo ilimchoma kuliko tusi.

"Mama. Kesho uniamshe. Na keshokutwa. Usingoje hata iishe kulia. Gonga kwa nguvu."

"Na kazi yako je? Na ile barua?"

"Gonga tu, mama."

Gari la Ridhwan lilisimama nje. Aliingia amelowa mvua, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, akambusu mama yake mkono, kisha akakunja uso.

"Mna nini humu? Kuna kitu kinanuka vibaya."

Bi Mize aliinamisha kichwa, akaubana mkeka kwapani.

"Ni mimi," akasema Ghaliya, akamkabidhi mtoto, akaenda kuvaa buti.