Glavu za Mwosha Maiti

Glavu zangu za kwanza mama mkwe wangu, Mastura, alizitia ndani ya tanuri la mikate. Hakuniambia. Nilijua asubuhi, nilipouma mkate nikakutana na ladha ya mpira ulioungua, na yeye mwenyewe anatafuna uleule, uso mkavu, kama hakuna kilichotokea. Siku nzima nyumba ya Mastura ilinuka gurudumu la lori.

Nina ukurutu mikononi tangu utotoni. Kwetu ulikuwa unakuja na kuondoka, kwa sababu tulikuwa mabinti wengi na vyombo tuligawana. Nilipoolewa hapa Margilani, mji wa wafuma hariri, vyombo vyote vikawa vyangu. Mkamwana anafagia ua kabla ya jua kutoka, anamimina chai, anaosha vyombo, na kama mume yuko Urusi anajenga nyumba za watu, kama Ilhom wangu, hata wa kumlalamikia hana. Mafuta ya mkia wa kondoo tunayopikia hayatoki kwenye vyombo kwa mzaha. Mama mkwe huyatoa kwa maji ya moto, magadi na sabuni ya mche, nami nikafundishwa hivyohivyo. Haikupita muda vidole vikapasuka kwenye kila kiungo, nikawa siwezi hata kukunja ngumi.

Daktari wa ngozi alinielekeza vizuri. Glavu nyembamba za pamba ndani, za mpira juu yake, maji ya vuguvugu, na magadi niyaache kabisa. Nikimaliza nikaushe mikono kwa kuigusagusa na kitambaa bila kusugua, kisha nipake mafuta mazito ingali na unyevu. Si jambo la ajabu. Lakini mtaani kwetu mtu mmoja tu huonekana na glavu za mpira, naye ni Binafsha, mwosha maiti. Watu wanamhitaji na bado wanamkimbia. Chai akiimimina yeye, hawainywi.

"Majirani wakikuona watasema nimeweka mwosha maiti jikoni," mama mkwe aliniambia. "Mimi nimeosha vyombo maisha yangu yote kwa mikono hii. Imekatika?"

"Yako haikukatika, mama. Yangu ndiyo inakatika."

"Utazoea."

Sikuzoea. Kazi yangu ni kufuma atlasi, kitambaa cha hariri ya rangirangi, na hariri haina huruma na ngozi mbovu. Siku moja nilipitisha kiganja juu ya nyuzi, magamba yakazinasa, zikakatika, na damu ikadondokea palepale penye weupe. Msimamizi wetu, dada Hurriyat, hakunigombeza. Aliitazama mikono yangu, akasema, "Zulhumor, nakupa mpaka mwezi uishe. Ikibaki hivi, kitanda chako cha kufumia nampa mwingine. Sina namna, mdogo wangu."

Pale kitandani pa kufumia ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniita nilete chai. Nikaapa sitapaachia kwa ajili ya masufuria ya watu. Nikanunua glavu nyingine, nyekundu, ndefu mpaka kwenye kiwiko, nikawa nalala nazo chini ya mto.

Ikafika zamu yetu ya kikao cha wanawake. Nyumba moja inapika, wengine wanakuja kula na kuwasema wasiokuwepo. Mama mkwe alinishika bega jikoni. "Leo tu, mwanangu. Usiniaibishe leo."

 Wageni waliposhiba pilau nilibeba mabakuli ya chai mpaka bombani uani, mbele ya macho yao wote. Nikavaa za pamba, nikavaa nyekundu, nikaanza kuosha.

Baraza zima likageuka kunitazama. Kisha Hosiyat, jirani yetu ambaye kila harusi ya mtaa lazima aipe kasoro, akapaza sauti. "Mastura! Nani kafa kwako? Mbona hukututangazia msiba?"

Wakaangua kicheko. Mama mkwe aliiva uso kama nyanya.

"Zulhumor, vua."

"Sivui, mama."

"Vua, nimesema!"

"Nikivua, damu itaingia kwenye mabakuli yao. Wanataka chai ya damu?"

"Jamani, ulimi huo!" akasema Hosiyat. "Angekuwa wangu ningemrudisha kwao leo hii. Glavu za Binafsha, Mungu aepushe!"

Hapo nilikasirika kweli. "Binafsha amekukosea nini, shangazi? Mama yako mzazi nani alimwosha? Ulimwosha wewe?"

 Nikamaliza mabakuli, nikakausha mikono, nikapaka mafuta bila haraka, kisha nikamimina chai. Kwetu mkamwana husimama na bakuli, mkono wa pili kifuani, mpaka mgeni apokee. Nilianza na Hosiyat kwa kuwa ndiye mkubwa. Akageuza uso. Aliyemfuata akajifanya anatengeneza kilemba. Nilizunguka wageni wote na bakuli lilelile, na hakuna mkono ulionyooka. Walikuwa wananitenda kama wanavyomtenda Binafsha.

 Nilitaka kulia. Badala yake nikainywa ile chai mwenyewe, nimesimama, mbele ya wakubwa zangu, jambo ambalo mkamwana hafanyi. Nikamimina nyingine, nikampelekea mama mkwe.

"Mama, mikono yangu ndiyo hii. Ukiikataa na wewe, niambie, nikafunge nguo zangu. Lakini glavu siachi."

Alilitazama bakuli. Akawatazama wageni wake, mmoja mmoja, wanawake aliokula nao tangu alipokuwa mkamwana yeye mwenyewe. Akapokea. Akanywa yote, macho kayafumba, kama anayemeza dawa chungu.

"Hosiyat," akasema, "umekataa chai nyumbani kwangu. Na nyinyi wengine mmekataa. Asiyeitaka, viatu vyake viko mlangoni."

Hosiyat aliinuka, na wawili nyuma yake. Waliobaki wakanyoosha mikono, nami nikawamiminia. Mama mkwe hakukaa tena. Alishuka uani mpaka kwenye lile sufuria kubwa la pilau, limeganda mafuta pande zote, akakunja mikono ya gauni.

"Lete hizo glavu," aliniambia.

"Mama, nitaosha mimi."

"Wewe una hariri ya watu kesho. Lete, nimesema. Na hilo lango liache wazi, hao wanaotoka wanione vizuri."